Spidi test yasema sawa, video yazunguka: vita vya intaneti na jinsi tunavyosimuliwa

Wiki mbili zilizopita fundi wa wifi alikuja kwangu hapa Kisauni kama saa mbili usiku hivi, saa ile watu washaswali isha washakula na mtaa mzima uko kwenye simu. Nilikuwa nimelalamika siku tatu. Akatoa simu yake, akabonyeza spidi test, mshale ukapanda mpaka ukasimama kwenye Mbps 10, akanisogezea kioo kama makanga anayekuonyesha kuwa chenji yako imekamilika. "Ami, intaneti iko sawa." Nikamuonyesha TV, kiduara kinazunguka tu, mpira ushapigwa golini zamani na sisi hatujaona hata kona. Akasema hio sasa ni ya wenye video, si yetu. Nikamuuliza, basi mimi nalipia nini, nalipia mshale ama nalipia video? Akacheka, akakunja waya wake, akaenda zake.

Nikaona niandike haya manake lile jibu lake, "si yetu", ndilo watu wamepigana nalo Marekani miaka zaidi ya ishirini, kortini na bungeni na kwenye magazeti, na huku kwetu tunapigana nalo pia ila tunaliita majina mengine. Na kila likiandikwa kwenye habari linachanganywa na mambo manne matano yasiyohusiana, mpaka msomaji anatoka pale anajua tu kuna kampuni kubwa na serikali zinagombana, nani amekosea hajui, na yeye mwenyewe anaumizwa wapi hajui kabisa.

Tuanze na ule mshale. Spidi test haipimi intaneti, inapima njia kutoka kwako mpaka kwenye mtambo mmoja uliochaguliwa, na kwa kawaida inachagua ulio karibu, mara nyingi uko ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe ama kwa jirani yake wa hapohapo nchini. Ni sawa na kupima barabara ya kwenda Mombasa mjini kwa kutembea kutoka mlangoni kwako mpaka dukani. Video haitoki dukani. Inatoka kwenye mtandao wa mwenyewe, inavuka mahali ambapo mitandao miwili imeunganishwa, ndio inaingia kwa kampuni yako, ndio inakufikia. Pale kwenye kiungo pakiwa pembamba, mshale utasimama kumi na video itazunguka, na wote wawili, fundi na mimi, tutakuwa tumesema kweli.

Sasa kanuni yenyewe. Jina alilitoa profesa wa sheria anaitwa Tim Wu mwaka wa 2003, na ni jina baya, hata kwa Kiingereza halimwambii mtu kitu, huku wengine wanaliita neti nyutraliti wengine usawa wa mtandao, mi nitasema kanuni ya kutopendelea. Maana yake ni kwamba anayekuuzia njia asichague nini kipite haraka na nini kikwame kwa sababu ya nani amekituma.

Fikiria feri ya Likoni. Wa miguu wanapita bure, magari yanalipa kulingana na ukubwa, ambulansi ikija inapishwa, na hakuna anayelalamika kwa hilo manake sheria yajulikana na ni ileile kwa kila mtu. Kwa hivyo wanaosema kutopendelea ni kwamba kila kitu kitendewe sawasawa bila akili wanapotosha, ambulansi ni ambulansi. Sasa tuseme feri imenunuliwa na mtu ambaye pia ana kiwanda cha mikate. Gari zake za mikate zinaingia feri ya kwanza, za mwenzake zinaambiwa ngojeni ya tatu. Hakuna aliyezuiwa, ukiuliza utaambiwa wote wanavuka. Ila mkate wa yule mwengine unafika Likoni saa nne watu washakunywa chai.

Huo ndio upendeleo wenyewe. Lakini kuna ujanja wa pili, na huu ndio magazeti yalipotea kabisa. Mwenye feri hagusi gari ya mtu ndani ya feri, anaweka foleni safi, anakuapia. Ila ule mteremko mmoja wa kuteremkia, ambao gari za mikate za yule mwengine ndizo zinaupitia, anakataa kuupanua. Umejaa? Pole, leta pesa tupanue. Na kuna wa tatu, mtamu zaidi, kwamba ukinunua mkate wangu unavuka bure.

Ujanja wa kwanza una kesi maarufu. Mwaka wa 2007 injinia mmoja wa Oregon, mpenzi wa nyimbo za kizamani zile za wanaume wanne wanaoimba bila ala, aliona faili zake hazitoki kwa njia ya BitTorrent, ile ya watu kupeana faili kompyuta kwa kompyuta, akachunguza mwenyewe akagundua kampuni yake ya intaneti, Comcast, inapenyeza ujumbe wa uongo katikati ya mazungumzo ya kompyuta mbili, kila moja inadhani mwenzake amekata simu. Shirika la habari la Associated Press likafanya jaribio lake, na wakachagua kitu kizuri sana cha kujaribia: Biblia ya King James. Si filamu ya wizi, si muziki wa kuiba, Biblia, ambayo haina haki miliki ya mtu kule. Nayo ikakwamishwa. Naipenda sana kazi ile. Mwandishi hakuandika "fulani adai, kampuni yakanusha", alikaa chini akapima. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaikemea Comcast 2008, korti ikaja kusema 2010 kuwa tume haikuwa na mamlaka hayo, na hapo ndipo mvutano wa kisheria ulipoanza kurefuka.

Ujanja wa pili ni ule wa Netflix na Comcast. Mwisho wa 2013 kuingia 2014 wateja wa Comcast wakaona filamu za Netflix zinakuwa ukungu na kusimamasimama. Netflix walikuwa wakipeleka mzigo kupitia kampuni za kati kama Cogent, viungo vikajaa, na kila mmoja akamwambia mwenzake panua wewe. Comcast wakasema mzigo ni mwingi mno unaoingia kwetu, mwenye mzigo alipe. Netflix wakasema mteja wako ndiye aliyeuomba huo mzigo na ashakulipa, unataka ulipwe mara ngapi. Februari 2014 Netflix wakakubali kulipa ili waunganishwe moja kwa moja, na filamu zikaanza kupita.

Magazeti mengi yaliandika kwamba Netflix amenunua njia ya kasi. Si kweli hasa, na si uongo hasa. Ndani ya feri hakuna aliyepangwa mbele. Kilichonunuliwa ni mteremko mpya. Zile kanuni FCC ilizotunga baada ya ile kesi ya 2010 zilikuwa zinaangalia ndani ya feri tu, kwa hivyo Comcast aliweza kusimama mbele ya watu akasema mimi sijavunja kanuni yoyote ya kutopendelea na akawa anasema ukweli, huku mteja nyumbani kwake anaona kiduara. Kama mwandishi hajui tofauti ya feri na mteremko, anaandika sentensi ya kampuni, anaandika sentensi ya mpinzani, anatia picha ya waya, habari imeisha.

Hapa pia ndipo lazima uulize gazeti ni la nani. Comcast alinunua sehemu kubwa ya NBCUniversal mwaka wa 2011 akamalizia 2013, yaani TV za NBC, MSNBC, CNBC, zote zikawa nyumba moja na mwenye waya. Verizon, mwenye waya mwengine, akainunua AOL 2015 ikaja na magazeti ya mtandaoni ya HuffPost na TechCrunch ndani. AT&T akainunua Time Warner 2018, ikawa CNN ni yake, akaiachilia 2022. Sisemi kuna bosi aliyepiga simu chumba cha habari akasema hii msiiguse. Pengine haihitajiki hata hio simu. Mtu akijua mshahara unatoka kwenye waya, ile habari ya waya ataiona ni ya kiufundi mno, watazamaji hawataielewa, tuiache wiki hii tufanye ya mvua.

Ndio maana aliyekuja kuielezea nchi nzima alikuwa mchekeshaji. Tarehe 1 Juni 2014 John Oliver, kwenye kipindi chake cha TV ya HBO, alikaa na jambo hili zaidi ya dakika kumi, akaanza kwa kukiri kuwa linachosha, akamfananisha mwenyekiti wa tume Tom Wheeler, aliyewahi kuwa mtetezi wa kampuni za kebo na simu, na mbwa mwitu wa Australia aliyepewa mtoto amlee, kisha akawaambia watu nendeni mkaandike maoni. Mfumo wa maoni wa FCC ukalemewa. Wheeler akaulizwa na waandishi ikabidi aseme hadharani kuwa yeye si mbwa mwitu. Unaweza kucheka lakini mwisho wa mwaka maoni yalikuwa karibu milioni 4, na Februari 26, 2015 tume hiyohiyo, na Wheeler huyohuyo, ikapiga kura 3 kwa 2 kuziweka kampuni za intaneti kwenye fungu moja na simu za zamani, zile zisizoruhusiwa kumkatalia mtu.

Oliver akarudia Mei 2017, tume ilipotaka kuifuta kanuni ile, mfumo wa maoni ukalala tena, na safari hii FCC ikatoa taarifa kwamba imeshambuliwa na wadukuzi. Vyombo vya habari vikaandika: FCC yashambuliwa. Mwaka mzima ikabaki hivyo vichwani mwa watu. Agosti 2018 mkaguzi wa ndani wa tume akatoa ripoti yake, hakukuwa na shambulizi lolote, walikuwa ni watu tu wametoka kutazama TV. Nawakumbusha watu hadithi hii kila nikisikia ofisi inatangaza sababu ya mtandao kulala kabla hata haujaamka.

Na yale maoni ya 2017 yenyewe ni kichekesho kingine. Yalifika zaidi ya milioni 22, na magazeti yakawa yanahesabu kama kura, wangapi wanataka wangapi hawataki. Mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akachunguza, Mei 2021 akasema karibu milioni 18 yalikuwa bandia. Milioni 8.5 yalitoka kwenye kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti, majina ya watu halisi yametumiwa bila wao kujua. Lakini usishangilie upande wowote, manake milioni 7.7 ya upande wa pili, wanaotaka kanuni ibaki, yaliandikwa na kijana mmoja wa chuo mwenye miaka 19 kwa majina ya kubuni. Peke yake! Kwetu mtu akijaza fomu mbili za basari anajiona mjanja.

Zilizofuata nitazipitia mbiombio manake zinachosha. Desemba 2017 tume chini ya mwenyekiti mwengine, Ajit Pai, ikaifuta kanuni, 3 kwa 2. Aprili 2024 ikarudishwa, 3 kwa 2 tena. Januari 2, 2025 korti ya rufaa ya huko ikaifuta. Majimbo kama California yana sheria yao na inaendelea kufanya kazi. Kila mara habari inaandikwa kama mechi, Wanademokrati wamefunga, Warepublican wamesawazisha, na msomaji anahesabu magoli.

Kuna moja tu hapo nataka nisimame. Mwaka wa 2018 wazima moto wa kaunti ya Santa Clara, California, wako msituni na moto mkubwa, laini ya gari lao la mawasiliano ikapunguzwa kasi na Verizon mpaka ikawa haifai kwa kitu, manake walikuwa wamepita kiwango cha kifurushi chao. Habari ikaenea dunia nzima: haya ndiyo matokeo ya kufuta kanuni ya kutopendelea. Ukiangalia vizuri, si kutopendelea. Ni bando imekwisha. Wangekuwa na kanuni wangekwama vilevile pengine, manake hakuna mzigo wa mtu mmoja uliopendelewa kuliko wa mwengine, yote ilishushwa pamoja. Verizon wakakubali walikosea kwa jinsi walivyowahudumia. Lakini ilikuwa hadithi nzuri mno kuachwa, moto, mashujaa, kampuni katili, na ikatumiwa na upande niliokuwa nauunga mkono mimi mwenyewe, nikaisambaza pia.

Turudi kwetu. Kenya hatuna sheria maalumu ya jambo hili, tuna sheria ya mawasiliano na Mamlaka ya Mawasiliano na vifungu vya ushindani wa haki, basi. Lakini usidhani hatujui vita hivi, tena sisi tulivipigana mapema. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti za Nairobi zilichoka na jambo moja la aibu: mtu wa Westlands akimtumia barua pepe mtu wa mjini, kama wako kampuni tofauti, ile barua inapanda setilaiti, inakwenda Ulaya ama Marekani, inarudi. Kilomita chache, barua imezunguka dunia, na kila hatua inalipiwa kwa dola. Wakaunda kituo cha kubadilishana, KIXP, chumba tu chenye mitambo ambapo kila kampuni inaleta waya wake wanaunganishana. Haikupita hata mwezi, kikafungwa. Telkom Kenya, ambayo wakati ule ndiyo pekee yenye ruhusa ya njia ya kutoka nje, ililalamika kwamba kituo kinaingilia haki yake ya kipekee, na mdhibiti akakubali. Kikafunguliwa tena 2002 baada ya vuta nikuvute. Yaani tulizuiwa kupeana mkono wenyewe kwa wenyewe kwa sababu kuna aliyekuwa akiuza safari ya kuzunguka.

Watu wa Mombasa hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya bara ipande SGR, ile reli mpya, lazima, madereva wa malori, wenye gereji za Miritini, mama wa chakula wa Mariakani, kila mmoja alijua siku hiyohiyo maana yake. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, korti hapa ikaja kuiona amri ile haifai Novemba 2020, na Septemba 2022 rais mpya akaurudisha uondoaji mizigo bandarini. Nilichokiona wakati ule ni kwamba habari ziliandikwa vizuri. Mwandishi alijua nani anamiliki reli, nani anadaiwa mkopo, lori moja linalisha nyumba ngapi, alijua kwa sababu shemeji yake alikuwa dereva. Habari za intaneti hazina shemeji.

Basi chukua ya Starlink, ile intaneti ya setilaiti ya Elon Musk. Ilianza kuuza Kenya Julai 2023, mwaka uliofuata ikashusha bei, ikaja na kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300. Katikati ya 2024 Safaricom, kampuni yetu kubwa ya simu, ikamwandikia mdhibiti barua, kwamba kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea bali zifanye kazi chini ya kampuni zenye leseni hapa. Habari ikawa ni Musk na Safaricom, tajiri wa dunia na jogoo wa kijiji. Sawa, inasomeka. Lakini soma ile barua kwa jicho la feri: aliyekuwa na feri anaomba kwamba kila mwenye boti apitie kwenye gati lake. Inaweza kuwa na sababu za maana, masafa yanagongana kweli, leseni ni leseni. Ila miezi michache tu baadaye Safaricom ikapandisha spidi ya faiba za nyumbani, wa Mbps 10 akawa 15 bila kuongezwa bei, na hapo ndipo mi nilitaka mtu aniandikie: hio tano ilikuwa wapi siku zote?

Na usisahau kwamba kampuni za simu ni miongoni mwa wateja wakubwa wa matangazo kwenye magazeti na redio zetu, na serikali kwa miaka mingi ilikuwa na asilimia 35 ya Safaricom. Tena nasema, hakuna haja ya simu ya bosi.

Ule ujanja wa tatu, wa mkate na kuvuka bure, huku ndio tunaoishi nao. Novemba 2014 Facebook na Airtel walileta mpango wao wa kurasa chache za bure. India waliletewa uleule, matangazo kurasa nzima magazetini, na mdhibiti wao Februari 2016 akapiga marufuku bei za kubagua kabisa, akasema mtu asiuziwe intaneti kwa vipande. Huku haukuleta kelele nyingi, na mi simlaumu mtu, manake bure ni bure. Ila njoo pale barazani Majengo jioni. Kuna mzee wetu mmoja ananunua bando ya WhatsApp peke yake kila siku, shilingi chache, inamtosha kwa wajukuu. Kila habari anaijua, ila anaijua kwa kichwa tu. Mtu ametuma picha ya kichwa cha habari kwenye grupu, chini yake kuna linki, mzee akiibonyeza haifunguki, iko nje ya bando. Basi anabaki na kichwa, anakibishania mpaka kahawa inapoa, na juzi kichwa chenyewe kilikuwa cha habari ya intaneti. Nikimfungulia mimi tunakuta mara nyingi ndani pamesema kinyume.

Mzee huyohuyo ndiye alinifanya nione jambo la mwisho linalochanganywa. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya mswada wa fedha, waandamanaji wako bungeni, intaneti ikaporomoka nchi nzima, wapimaji wa nje kama NetBlocks wakaonyesha grafu imeanguka. Siku moja kabla Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima. Safaricom ikasema nyaya mbili za baharini zimepata hitilafu. Barazani tukagawanyika, nusu waya nusu serikali, na mzee akasema hizi nyaya zina adabu sana, zinangoja siku ya maandamano.

Mimi sikusema waya wala serikali. Nilisema tu waya ukikatika unaacha alama, na watu wa hapa tunajua manake zinatua hapahapa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, nyingine zikafuata. Februari 2012 meli iliyokuwa inangoja kuingia bandarini ilitia nanga palipokatazwa ikaikata TEAMS, na kila kitu kilijulikana, wapi, nini, kwa nini. Mei 2024, mwezi mmoja tu kabla ya yale maandamano, EASSy na SEACOM zilikatika kule upande wa Afrika Kusini, ikasemwa waya gani, mahali gani, meli gani ya kutengeneza inatoka wapi, na Tanzania na wengine wakalia pamoja nasi siku hiyohiyo. Hayo ndiyo maswali: waya gani, kilomita ngapi, meli imetoka lini, nani mwengine amelia. Yanajibika. Hayahitaji siasa. Na kuzima intaneti nzima, ama kukatika kwa waya, yote mawili si habari ya kutopendelea hata kidogo, moja ni kufunga feri kwa kofuli, nyingine ni feri kuharibika injini, japo yanaandikwa kwenye ukurasa uleule na kwa picha ileile ya waya wa rangi ya samawati.

Swali la nani alipe mteremko bado halijaisha duniani. Korea Kusini kampuni ya intaneti ya SK Broadband ilishtakiana na Netflix kwa miaka, wakapatana Septemba 2023, na Februari 2024 Twitch, ile ya kutazama watu wakicheza gemu, ikafunga kazi Korea kwa kusema ada za mtandao haziwezekani. Kampuni za simu za Ulaya zinadai vilevile, na huku Afrika zimeanza kunong'ona. Ikifika hapa itaitwa mchango wa haki, na itasikika vizuri.

Fundi alirudi juzi, safari hii bila kuitwa, alikuja kwa jirani. Nikamkaribisha maji, nikamuuliza polepole, nikaacha mambo ya mshale: nyinyi hio intaneti mnanunua kwa nani, na njia ya kutoka nje mmenunua pana kiasi gani? Akaangalia mlangoni kwanza. Akasema, Ami, ya ndani ya nchi ni pana, hio ni rahisi, ndio spidi test inapita. Ile ya nje na ya video tumekata ndogo, mchana yatosha, ikifika saa mbili usiku inajaa.

Nikamuuliza mtaongeza lini.

"Tukipata wateja mia zaidi."

"Na hao mia watapitia njia gani?"

Akamaliza maji yake, akasema jirani anamngoja.